Uvimbe Mdogo Usingoje: Namna Waganga Walivyojifunza Kuiona Kansa ya Titi Mapema



Kuna magonjwa ambayo watu huyataja hata sokoni bila haya: malaria, kikohozi, kuhara. Kuna mengine ambayo hunong'onwa tu. Kansa ya titi ni mojawapo ya hayo yanayonong'onwa. Mama akigusa kidonge kigumu katika titi lake, mara nyingi hunyamaza. Hamwambii mume wake, wala dada yake, wala Sista wa dispensari. Anangoja. Kidonge hakiumi, basi hujisemea moyoni: kisichouma hakiui. Kumbe ndivyo kansa ya titi inavyodanganya watu. Mwanzoni kwa kawaida haiumi. Inapoanza kuuma, mara nyingi imekwisha kukua na kutembea mwilini.

Ugonjwa huu si wa nchi moja, wala si wa matajiri tu. Kwa hesabu ya mwaka wa 2022, wanawake kama 2,300,000 duniani walipatikana nao katika mwaka ule mmoja, na watu kama 670,000 walikufa kwa ajili yake. Wanaume nao waweza kuupata, ingawa ni wachache sana, karibu mmoja katika wagonjwa mia.

Leo tunataka kusimulia namna waganga walivyojifunza, katika muda wa miaka zaidi ya mia moja, kuiona kansa hii ingali ndogo. Habari yetu ni ya mambo matatu: mkono unaogusa, picha inayoonyesha ndani, na kinofu cha nyama kinachopimwa. Mambo haya matatu yakitengana, mgonjwa hupotea njiani. Yakishikana upesi, wengi hupona.

1. Zamani: mkono na kisu tu

Ugonjwa ni wa kale. Katika Misri kuna maandiko ya uganga yaliyonakiliwa karibu miaka 1,600 kabla ya Kristo. Yanaeleza uvimbe wa kifuani, na mwandishi anakiri ya kwamba hana dawa yake. Sisi Wakristo tunamjua Mtakatifu Agata wa Catania, shahidi wa kisiwa cha Sisilia, aliyeuawa karibu mwaka wa 251. Mapokeo yasimulia ya kwamba watesi walimkata matiti. Ndiyo sababu tangu zamani wanawake wenye ugonjwa wa matiti humkimbilia kwa sala, na sikukuu yake ni tarehe 5 Februari. Sala ilikuwa faraja yao kubwa, maana uganga wa nyakati zile ulikuwa na uwezo mdogo.

Tuchukue mfano mmoja. Fanny Burney alikuwa mwandishi wa vitabu, Mwingereza aliyekaa Paris. Tarehe 30 Septemba 1811 alikatwa titi nyumbani mwake, na aliyemkata alikuwa Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana bado. Ilionyeshwa mbele ya waganga huko Boston mwaka wa 1846. Mama huyo alinyweshwa divai tu, akafunikwa uso kwa kitambaa, na kazi ikachukua dakika kama 20. Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu juu ya mateso yale. Kisha akaishi miaka 28 tena, akafa mwaka wa 1840 mwenye miaka 87.

Je, uvimbe ule ulikuwa kansa kweli? Waganga walihukumu kwa macho na kwa vidole tu. Hakuna aliyechukua kinofu mapema ili kukipima na kujua. Tena hapo pana jambo zito: mwanamke aweza kukatwa kwa bure, na mwingine aweza kuachwa afe, kwa sababu moja tu, yaani hakuna aliyejua kwa hakika ni uvimbe wa namna gani.

2. Mwanga usioonekana

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu Wilhelm Röntgen aliona mionzi ambayo jicho haliioni, lakini inapita ndani ya mwili na kuacha picha. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa ilionekana, na pete kidoleni. Hakutaka kuuhodhi uvumbuzi huo ili ajipatie mali. Aliuacha uwe wa watu wote. Mwaka wa 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya elimu ya fizika. Mionzi hiyo ndiyo ambayo kwetu Kongo watu huiita "radio". Tunaposema mgonjwa "amepigwa radio", tunasema juu ya kazi ya Röntgen.

Mifupa ni migumu, huonekana vizuri. Lakini titi ni laini, na uvimbe wake nao ni nyama. Itawezekanaje kutenganisha nyama na nyama katika picha? Aliyejaribu kwanza kwa bidii alikuwa mpasuaji wa Berlin, jina lake Albert Salomon. Mwaka wa 1913 alitangaza kazi yake. Alikuwa amechukua matiti kama 3,000 yaliyokatwa hospitalini, akayapiga picha ya radio, kisha akapima nyama yake kwa mikroskopi. Akalinganisha picha na nyama, nyama na picha. Hivi aliweza kuona tofauti za namna za kansa, na namna inavyoenea kuelekea kwapani. Aliona hata vitone vidogo vidogo ndani ya uvimbe, lakini hakutambua bado maana yake.

Tazameni vizuri, wasomaji. Tangu siku ya kwanza picha haikuwa peke yake. Salomon hakuiamini picha mpaka nyama yenyewe imeshuhudia.

Mtu huyu alipata taabu kubwa. Alikuwa Myahudi. Hitler alipotawala mwaka wa 1933, Salomon alinyimwa kazi yake ya kufundisha. Mwaka wa 1938 alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen. Alipofunguliwa alikimbilia Uholanzi pamoja na mke wake, wakaokoka kwa kujificha. Lakini binti yake, mchoraji Charlotte Salomon, aliuawa Auschwitz mwaka wa 1943. Chuki iliwapoteza watu wengi waliokuwa na elimu ya kuwasaidia wanadamu, na kazi iliyoanzwa Berlin ilibidi iendelezwe na wengine mahali pengine.

3. Kinofu kinachosema kweli

Sasa turudi nyuma kidogo, ili tuelewe jambo la kupima nyama. Mwaka wa 1858 Rudolf Virchow, mganga wa Berlin, alitoa kitabu cha kueleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila chembe huzaliwa na chembe nyingine. Ugonjwa wa kansa ni chembe zilizoacha utii: zinazaana bila kipimo, zinavunja mpaka wa jirani, tena zinasafiri. Basi mwenye kuziangalia chembe hizo kwa mikroskopi aweza kutambua sura yake, kama vile mkulima anavyotambua magugu katikati ya mtama.

Mwaka wa 1879 mganga Mfaransa Ernest Besnier alitoa jina la kazi hii: biopsi. Ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kuangalia kitu cha mtu aliye hai. Zamani miili iliyopimwa ilikuwa ya wafu. Sasa kinofu kidogo kinatolewa kwa mgonjwa angali hai, ili ajulikane ana nini, na atibiwe.

Mwaka wa 1905, huko Rochester katika Minnesota, Marekani, Louis Wilson wa hospitali ya akina Mayo alipata njia ya kugandisha kinofu kwa baridi, kukikata vipande vyembamba sana na kukitia rangi, hata mpasuaji akapata jibu katika dakika chache, mgonjwa akiwa bado juu ya meza. Njia hiyo ilisaidia sana, lakini baadaye ilileta shida nyingine, kama tutakavyoona.

Mwaka wa 1930, katika hospitali ya Memorial ya New York, Hayes Martin na Edward Ellis walionyesha jambo jepesi zaidi: kuvuta chembe kwa sindano tu, bila kukata kwa kisu.

4. Picha yapata macho makali

Mwaka ule ule wa 1930, Stafford Warren wa Rochester katika jimbo la New York aliwapiga picha ya matiti wanawake walio hai, kabla ya kupasuliwa. Lakini picha za wakati ule zilikuwa na ukungu, na kila mganga alikuwa na namna yake ya kuzipiga.

Aliyefungua njia tena alikuwa Raul Leborgne wa Montevideo, katika Uruguay. Karibu na mwaka wa 1950 alifundisha mambo mawili. La kwanza, titi libanwe kidogo wakati wa kupiga picha, ili lisicheze na picha iwe safi. La pili, vile vitone alivyoviona Salomon ni punje ndogo za chokaa, na namna zilivyopangika zaweza kuonyesha kansa hata kabla mkono haujagusa kitu. Mama ambaye amewahi kupigwa picha hii anajua kubanwa huko si kuzuri. Lakini ni kwa muda mfupi tu, na kuna sababu yake.

Kisha Robert Egan wa Houston, Marekani, alitumia filamu yenye macho makali zaidi, akapanga kanuni ambazo kila hospitali iliweza kuzifuata. Mwaka wa 1960 alitangaza habari za picha zake 1,000 za kwanza. Katika Ufaransa, Charles Gros wa Strasbourg aliona ya kwamba mashini za mifupa hazifai kwa titi. Kati ya mwaka wa 1965 na 1967 yeye na mafundi walitengeneza mashini ya matiti peke yake, yenye madini ya molibdeni mahali pa tungsteni, ili mionzi iwe laini na kuonyesha tofauti za nyama. Picha hiyo inaitwa mamografi.

Tusisahau mashini nyingine isiyotumia mionzi kabisa. Karibu na mwaka wa 1951, huko Minneapolis, mganga John Wild na fundi John Reid walituma sauti nyembamba sana, ambayo sikio halisikii, ndani ya titi, wakapokea mwangwi wake. Ndiyo ekografi, ile ile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni. Inaweza kuonyesha kama uvimbe ni mfuko wa maji tu au ni kitu kigumu. Kwa wanawake vijana, ambao nyama ya matiti yao ni nzito, inasaidia sana, maana mamografi huona kwa shida ndani ya nyama nzito.

5. Je, picha huokoa watu kweli?

Kuona ni jambo moja, kuokoa ni jambo jingine. Waganga wenye akili hawakuridhika na picha nzuri. Walitaka kuhesabu wafu na walio hai. Mwezi wa Desemba 1963, New York, Philip Strax, ambaye mke wake alikufa kwa kansa ya titi angali kijana, pamoja na Sam Shapiro na Louis Venet, walianza kuwafuata wanawake kama 62,000 wenye miaka 40 hadi 64. Nusu yao waliitwa kupimwa kila mwaka kwa mkono na kwa picha. Nusu ya pili waliendelea na desturi yao. Baada ya miaka kadhaa ilionekana ya kwamba katika kundi lililoitwa, vifo vya kansa ya titi vilipungua karibu theluthi moja.

Mwaka wa 1977 Waswidi walifanya vile vile katika mikoa miwili, kwa picha peke yake, chini ya László Tabár, mganga mzaliwa wa Hungaria. Mwaka wa 1985 walitangaza ya kwamba vifo vimepungua kwa 31 katika mia. Lakini wenzao wa Kanada, walioanza mwaka wa 1980, hawakuona faida hiyo. Mabishano yamedumu miaka mingi. Tena imejulikana kwamba picha mara nyingine hutisha bure, na mara nyingine huonyesha kansa ndogo ambayo isingemdhuru mtu maisha yake yote. Kwa hiyo picha ni msaada, si muujiza. Inasema: "Hapa pana kitu, angalieni." Haisemi: "Hii ni kansa." Neno hilo la mwisho ni la kinofu.

6. Wanawake waliolala bila kujua

Sasa tufike kwenye ile shida tuliyoitaja. Tangu siku za William Halsted wa Baltimore, aliyetangaza njia yake mwaka wa 1894, desturi ilikuwa kukata titi lote, na misuli ya kifua, na tezi za kwapani. Njia ya kugandisha kinofu ilipoingia, mambo yakawa hivi: mwanamke mwenye uvimbe alilazwa kwa dawa ya usingizi, kinofu kikatolewa, kikapimwa pale pale. Kama si kansa, alishonwa. Kama ni kansa, titi lilikatwa saa ile ile. Mwanamke alitia sahihi kabla ya kulala, bila kujua ataamka na titi au bila titi. Wengi walipoamka jambo la kwanza lilikuwa kujigusa kifuani.

Tarehe 28 Septemba 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alipasuliwa hivyo. Uvimbe wake uligunduliwa siku mbili tu kabla, mganga alipompima kwa mkono. Yeye hakuficha. Alikubali habari zake zitangazwe kwa watu wote, na wanawake wengi sana wa nchi yake wakaenda kupimwa. Mke wa Rais alisema wazi neno lililokuwa likinong'onwa, na kwa kusema wazi aliwaokoa wengine.

Mwaka ule ule mwanamke mwingine, Rose Kushner, mwandishi wa magazeti, alipata uvimbe akakataa desturi ile. Alisema: nipeni kwanza jibu la biopsi, niamke, nifikiri, ndipo tuamue pamoja. Wapasuaji wengi walimkatalia. Hakuacha, aliandika, akasema, akabisha hodi kila mlango. Mwaka wa 1979 waganga waliokutanishwa na serikali ya Marekani walikubali: kwa kawaida biopsi iwe siku yake, na upasuaji siku nyingine. Hivyo mgonjwa akarudishiwa heshima ya kujua na kuamua.

Tena ilionekana ya kwamba kansa iliyoonwa ingali ndogo haihitaji kisu kikubwa. Jambo hilo lilikuwa limedokezwa zamani. Katika miaka ya 1920 Geoffrey Keynes wa London aliwatibu wanawake kwa sindano za radiumu badala ya kuwakata titi lote. Wasomaji wa Katanga watapenda kujua ya kwamba tangu mwaka wa 1922 sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, yaliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Baadaye Umberto Veronesi wa Milano mwaka wa 1981, na Bernard Fisher wa Pittsburgh mwaka wa 1985, walithibitisha kwa hesabu: uvimbe mdogo ukitolewa peke yake pamoja na nyama ya kando, na mgonjwa akachomwa mionzi, anaishi muda sawa na yule aliyekatwa titi lote. Basi mwenye kufika mapema haokoi roho tu. Mara nyingi aokoa na titi lake.

7. Sindano mahali pa kisu

Mwaka wa 1982 Mswidi Per Gunnar Lindgren alitengeneza chombo chenye sindano na springi. Kinabonyezwa, na kwa mshindo mmoja kinatoa kinofu chembamba kama kijiti cha kiberiti. Mwaka wa 1990 Steve Parker wa Denver alionyesha ya kwamba chombo hicho, kikiongozwa na picha, chaweza kufika hata kwenye kansa isiyoguswa na mkono. Hapo mambo matatu yakaungana: mkono au picha huonyesha mahali, sindano huchukua, mikroskopi hujibu. Mgonjwa hupewa dawa ya kufisha ganzi, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile.

Kinofu hicho kinasema zaidi ya "ndiyo" au "siyo". Kinaonyesha ni kansa ya namna gani, na kama inalishwa na homoni za mwili. Kuna kansa inayotii vidonge kama vile tamoksifeni, na kuna isiyovitii. Kumtibu mgonjwa bila kupima kinofu ni kama kufyeka usiku bila taa.

Hapa tunataka kujibu neno tunalolisikia mara nyingi: "Kansa ikiguswa na chuma inakasirika, inaenea." Tunaelewa neno hili lilivyozaliwa. Watu waliona mgonjwa amefika hospitalini amechelewa kabisa, titi limekwisha kupasuka, akakatwa, akafa baada ya miezi michache. Wakasema: amekufa kwa kisu. Kumbe amekufa kwa kuchelewa. Sindano ya biopsi haimpunguzii mgonjwa siku zake. Kinachompunguzia siku ni mwaka mzima wa kungoja.

8. Na sisi tufanye nini?

Mtu atasema: "Habari hizi ni za New York na Strasbourg. Kwetu mashini hizo ziko mbali, na pesa hakuna." Ni kweli, mamografi haipo katika kila hospitali yetu. Lakini tusikilize habari za nchi zinazofanana na zetu.

Shanghai, Uchina, tangu mwaka wa 1989 wafanyakazi wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walifuatwa. Nusu walifundishwa kwa bidii kujipima matiti wenyewe. Mwaka wa 2002 ilitangazwa ya kwamba vifo havikupungua, ila biopsi za uvimbe usio kansa ziliongezeka. Maana yake nini? Kujigusa kila mwezi kama kanuni hakutoshi peke yake.

Mumbai, Uhindi, tangu mwaka wa 1998 wanawake zaidi ya 151,000 walifuatwa. Nusu walipimwa kila miaka miwili na wanawake waliofundishwa kazi hiyo, kwa mkono tu. Mwaka wa 2021 ilitangazwa ya kwamba kansa zao zilionekana zingali ndogo zaidi, na kati ya wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua karibu 30 katika mia. Hapakuwa na mashini. Palikuwa na mikono iliyofundishwa, na njia ya wazi ya kumpeleka mgonjwa mbele.

Na jirani yetu Rwanda? Mwaka wa 2012 ilifunguliwa nyumba ya kutibu kansa huko Butaro, milimani. Mwanzoni vinofu vingine vilitumwa mpaka Boston ili vipimwe. Waganga waliwauliza wagonjwa 144 wa kansa ya titi waliotibiwa katika hospitali mbili za mashambani: tangu mlipoona dalili mpaka mlipopata jibu, ni muda gani? Kwa mgonjwa wa kati, muda wote ulikuwa miezi 15. Miezi kama 5 ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe, kabla hajakwenda kwa mganga. Lakini miezi mingine 5 ilikuwa ya nyumba za uganga zenyewe: mgonjwa alizungushwa, akaenda mara tano na zaidi, akapewa dawa ya jipu, akaambiwa rudi. Na waliochelewa sana ndio waliokutwa na ugonjwa uliokwisha kuenea.

Basi tusimtupie mama lawama zote. Yeye anachelewa kwa haya na kwa hofu, au kwa sababu anangoja ruhusa na nauli. Wengine hupita kwanza kwa waganga wa kienyeji. Lakini wakati mwingine mama amekuja mapema, na sisi tuliompokea ndio tuliomchelewesha. Shirika la Afya la Dunia liliweka kipimo: tangu mgonjwa afike mara ya kwanza mpaka ajulikane ana nini, zisipite siku 60. Kipimo hicho ni cha hospitali, si cha mama.

9. Maneno ya kushika

Kwa akina mama. Yajueni matiti yenu jinsi yalivyo. Mkiona kidonge kipya, ngozi iliyoingia ndani au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu, uvimbe wa kwapani, au "jipu" lisilopona kwa dawa, nendeni upesi. Msiogope kabla ya wakati: vivimbe vingi vya matiti si kansa. Lakini anayejua hivyo ni aliyepimwa, si aliyengoja.

Kwa waume. Mke akikuambia jambo hili, usimfukuze wala usiseme amelogwa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si adhabu ya dhambi. Tafuta nauli, umsindikize. Wanawake wengi hukatisha matibabu kwa sababu hakuna anayewashika mkono.

Kwa wauguzi na Masista wa dispensari. Kila uvimbe wa titi uliokaa zaidi ya wiki chache uandikwe na upelekwe mahali penye ekografi na sindano. Na uvimbe wowote uliotolewa usitupwe ndani ya ndoo. Utiwe katika formoli, uandikwe jina, upelekwe kupimwa. Kinofu kilichotupwa ni jibu lililotupwa.

Kwa wakubwa wa nchi. Mashini ya thamani isiyo na mtu wa kusoma picha zake ni chuma tu. Wafundisheni watu wa kupima nyama kwa mikroskopi. Bila wao waganga wengine wote wanakisia.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Katika Injili tunasoma habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, akaja kwa siri nyuma ya umati, akitetemeka kwa haya. Bwana wetu hakumwaibisha. Alimwita binti, akamrudisha kwa amani. Basi mama mwenye uvimbe na aone kwetu uso wa namna hiyo: nyumbani kwake, kanisani, na mlangoni pa hospitali. Na aje leo, asingoje mavuno, asingoje Pasaka.